Kiini Macho katika Darasa la Kipaimara

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 na 1990 tunamkumbuka mtu wa mazingaombwe. Alifika na begi lake, akaongea na mwalimu mkuu, na kesho yake tukaambiwa kila mwanafunzi aje na shilingi. Tulikaa sakafuni, madirisha yamefungwa, naye akatoa leso mdomoni moja baada ya nyingine, akakata kamba ikaunga, akageuza vipande vya gazeti kuwa noti. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Ni njiani, wakati wa kurudi nyumbani, ndipo mmoja wa wanafunzi wakubwa alipouliza: kama mtu huyu anageuza gazeti kuwa noti, shilingi zetu anazitakia nini?

Swali hilo tunalipeleka kila mwaka katika darasa la kipaimara. Sisi ni watatu: mchungaji, mwinjilisti, na mama mmoja anayefundisha Shule ya Jumapili. Usharika wetu uko mkoani Tanga, mbali na lami, nao una mitaa minne. Tunapofika Amri ya Pili tunaweka mezani sarafu ya shilingi 200, leso, kiberiti, bakuli na jagi la maji. Vijana husogea mbele wenyewe. Siku nyingine zote tunawabembeleza watoke benchi la nyuma.

Tunaanza na Katekisimo Ndogo. Luther aliiandika mwaka 1529, na katika maelezo ya amri hii anataja mambo tusiyopaswa kuyafanya kwa jina la Mungu: kulaani, kuapa, uchawi, uongo, udanganyifu. Vijana huikariri sehemu hiyo kwa pumzi moja. Tunawasimamisha hapo. Kwa nini uchawi umewekwa jirani na uongo? Kijana mmoja aliwahi kujibu kwamba labda wanakaa nyumba moja. Hatujapata jibu bora zaidi ya hilo.

Kisha tunachukua sarafu. Inashikwa kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, watu wote wakiiona. Mkono wa kulia unakuja kana kwamba unaitwaa, gumba likipita nyuma ya sarafu na vidole vingine mbele yake. Vidole vikishaifunika, sarafu inaachiwa idondoke kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia unafumbwa na kuondoka, na siri yote iko hapa: macho ya mwenye kufanya yanaufuata mkono huo mtupu. Mkono wa kushoto unashuka polepole kama mkono usio na kazi. Ukipuliza ngumi ya kulia na kuifumbua, hamna kitu, na darasa zima linapiga yowe.

Tunawafundisha waifanye wenyewe. Wiki ya kwanza sarafu zinaanguka sakafuni kama mvua. Wiki ya pili wapo wanaoweza, nao wanagundua jambo ambalo hatukuwaambia, kwamba vidole si kitu kigumu. Kigumu ni uso. Ni lazima uamini kwa sekunde moja kwamba sarafu iko kulia, la sivyo watu hawatadanganyika. Binti mmoja alituambia, "Mchungaji, ili niwadanganye inabidi nianze kujidanganya mwenyewe." Tumesoma theolojia miaka kadhaa bila kusikia dhambi ikielezwa vizuri hivyo.

Ya njiti ni rahisi zaidi. Njiti moja imefichwa tangu nyumbani ndani ya upindo wa leso. Unafunga njiti nyingine ndani ya leso mbele ya watu, unampa mtu avunje, anasikia ikilia kwa vidole vyake mwenyewe, unafungua, nayo iko nzima. Amevunja ile ya upindo. Tunaipenda hii kwa sababu anayedanganywa ndiye anayetoa ushuhuda. Ataapa kwamba aliivunja, na kweli alivunja kitu.

Ya bakuli haina udanganyifu wowote. Sarafu inawekwa katikati ya bakuli lisiloonyesha ndani, kijana anarudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli uifiche, kisha maji yanamiminwa taratibu. Sarafu inajitokeza machoni pake ingawa hakuna aliyeigusa. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda. Hii tunaiweka ili wasitoke darasani wakidhani kila cha kushangaza ni ujanja wa mtu. Mungu ameumba maji hivyo, na sarafu ilikuwepo muda wote.

Tunajua si sisi wa kwanza. Wakatoliki wanaye Yohane Bosco, aliyezaliwa kaskazini mwa Italia mwaka 1815. Alipokuwa mvulana alitembea juu ya kamba na kufanya viini macho mbele ya wanakijiji, akidai sala na mahubiri kama kiingilio. Baadaye, akiwa mwanafunzi, alishukiwa kwamba anashirikiana na shetani, akaitwa na padri mmoja ajieleze. Saa na mfuko wa fedha wa padri yule vikatoweka, vikaonekana chini ya kifuniko cha taa, na baada ya kuelezwa jinsi ilivyofanyika padri akacheka. Sisi hatukupata bahati ya kuchekewa mapema hivyo.

Katika baraza la wazee alisimama mzee mmoja ambaye amelitumikia kanisa hili tangu lilipokuwa limeezekwa kwa nyasi. Alisema bila hasira, "Baba Mchungaji, leo mnamwonyesha mtoto kwamba mkono wa mtu unamdanganya. Kesho atafungua Yohana sura ya pili, atauliza: na huyu divai aliificha wapi?" Wazee wengine wakanyamaza, na ukimya wa wazee wa kanisa una uzito wake.

Hatukumjibu siku ile. Tuliomba muda, tukaenda kuisoma sura hiyo upya sisi watatu, tukiisoma kwa macho ya watu wanaojua kuficha sarafu. Yohana anahesabu: mitungi sita, ya mawe, iliyokuwepo pale kwa ajili ya kutawadha. Wanaoijaza ni watumishi, na wanaijaza mpaka juu. Yesu hagusi kitu. Na mkuu wa meza anapoonja, hajui ilikotoka. Wanaojua ni watumishi walioteka maji. Katika mazingaombwe msaidizi ndiye mtu anayeujua uongo. Kana msaidizi ndiye mtu anayeujua ukweli, maana mabega yake bado yanauma kwa kubeba maji. Sifa zinamwendea bwana arusi, ambaye hakufanya lolote. Hakuna aliyepitisha kikapu.

Tulimrudia mzee na hayo, lakini hatukumwambia kwamba tumethibitisha muujiza. Mtu asiyeamini anaweza kusoma kila neno la sura ile na kuondoka kama alivyokuja, na hatuna njia ya kumzuia. Paulo anawaambia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Hakusema kwa kuona. Mafarisayo walipomdai ishara, Marko anasema aliugua rohoni, akapanda chomboni akaondoka. Na pale msalabani walimdai kitu kimoja tu, ashuke waone, kisha wataamini. Hakuna mtu wa mazingaombwe duniani ambaye angeiacha nafasi ile ipite, umati wote ukiwa umemkazia macho. Yeye alibaki pale mpaka akafa.

Mzee alitikisa kichwa. Hakusema amekubali. Alisema, "Basi fundisheni hilo la msalaba pamoja na hilo la sarafu." Tumefanya hivyo tangu siku ile, na kwa kweli somo limekuwa zito kuliko lilivyokuwa.

Biblia yenyewe haiogopi kuonyesha waganga wakifanikiwa. Waganga wa Farao waligeuza fimbo, wakageuza maji, wakaleta vyura, na kuleta vyura zaidi katika nchi iliyojaa vyura ni msaada wa ajabu. Walishindwa kwenye chawa. Simoni wa Samaria alipoona Roho akitolewa kwa kuwekewa mikono, alitoa fedha, kwa kuwa ndivyo biashara yake ilivyokuwa siku zote. Naye Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia Naamani kudai malipo ambayo bwana wake alikuwa ameyakataa. Vijana wetu wanaipenda sana habari ya Gehazi. Tunadhani ni kwa sababu wanawafahamu akina Gehazi wa siku hizi kwa majina.

Mwaka 1986 huko Marekani, mhubiri wa televisheni aitwaye Peter Popoff alikuwa akiwaita watu kwa majina katika mikutano yake na kutaja magonjwa yao, kana kwamba amefunuliwa na Mungu. James Randi, mtu wa mazingaombwe kwa kazi, akishirikiana na wenzake, alinasa mawimbi ya redio ndani ya ukumbi na kusikia sauti ya mke wa mhubiri ikimsomea mumewe majina na magonjwa kupitia chombo kidogo kilichokuwa sikioni. Randi alirusha sauti hiyo katika televisheni. Mwaka uliofuata Popoff alitangaza kufilisika. Miaka ilipopita alirudi tena katika televisheni, safari hii akiwa na maji ya muujiza. Randi hakuwa muumini. Ni aibu kidogo kwetu kwamba kazi hiyo ya kinabii ilimngoja mtu asiyemwamini Mungu.

Maji ya namna hiyo tunayo na sisi, pamoja na mafuta, chumvi na udongo, na bei zake washarika wanazijua kuliko wanavyoijua bei ya Biblia. Hatutaji huduma yoyote hapa. Tunaweka tu mezani kitambaa cha pamba kilicholowekwa katika maji ya manjano kikaanikwa. Yule mama wa Shule ya Jumapili anachovya mkono katika maji ya magadi, magadi yale yale ya kupikia maharage, anaukandamiza kwenye kitambaa, na alama ya kiganja inatokea nyekundu kama damu. Vijana wanarudi nyuma hatua moja. Kisha anakamulia ndimu, na damu inageuka njano tena. Vitu vyote vitatu vinapatikana jikoni kwa kila mmoja wao. Wapo wagonjwa walioambiwa kwamba wekundu wa namna hii ni damu ya mtu anayewaroga, wakauza mbuzi.

Yule mama anasema sehemu hii haimchekeshi, na anapoifanya hatabasamu.

Mwaka 1584 Mwingereza mmoja wa Kent, Reginald Scot, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu uchawi. Ndani yake alieleza jinsi sarafu inavyofichwa kiganjani, na akachora visu vyenye pengo vinavyoonekana vimekata mwili kumbe havijakata. Kitabu hicho ni miongoni mwa vya kwanza kwa Kiingereza kueleza mambo haya kwa kirefu, lakini hakikuandikwa ili kuburudisha watu. Scot aliona vikongwe maskini wakishtakiwa kwa uchawi na kuuawa, akataka mahakimu wajue jinsi macho yanavyoweza kupotoshwa. Hatuhitaji kwenda Uingereza ya kale kumwelewa. Katika nchi yetu, hasa kanda ya ziwa, wameuawa akina mama wazee ambao ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka yote ile.

Huku kwetu wapo lambalamba. Wanakuja kwa kuitwa, kijiji kinachangishana, wanaimba na kucheza usiku kucha, asubuhi wanaingia nyumba moja moja kufukua uchawi. Katika mtaa wetu mmoja alifariki mtoto wa miaka mitatu kwa homa, na kabla ya arobaini kila kaya ilikuwa imetoa shilingi 10,000. Walipofika uani kwa bibi mmoja mjane, msharika wetu, kiongozi wao aliinama, akachimba kwa mikono, akanyanyua pembe iliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Umati ukalia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ufagio.

Katika umati ule alikuwepo kijana wetu wa kipaimara mwaka wa pili. Yeye hakuitazama pembe. Alitazama mkono mwingine, kama tulivyomfundisha, akaona ulivyotoka kwenye mkunjo wa shuka kabla ya kuingia shimoni. Hakusema kitu pale, na tunamshukuru Mungu kwa akili hiyo, maana umati wenye uchungu haupewi somo la viini macho. Usiku alikuja kumgongea mwinjilisti.

Usiku ule ule tulimhamishia bibi nyumbani kwa mchungaji. Asubuhi tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Tulimkumbusha kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inamgusa pia anayemtuhumu mwenzake. Tukaomba jambo moja: kama wageni wanarudi uani kwa bibi, basi achimbe mtu mwingine kwanza, na wao wavue mashuka na kukunja mikono ya mashati. Mtendaji alipeleka ujumbe. Jibu likaja kwamba dawa zao hazikubali masharti. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepanda pikipiki kuelekea kijiji kingine, na michango ya watu wameondoka nayo.

Tulidhani jambo limekwisha. Kumbe kijijini ilivuma habari nyingine: lambalamba wamekimbia kwa sababu Mchungaji ana dawa kali kuliko yao. Watu wawili walikuja kwa siri kuulizia bei yake.

Ndiyo maana Jumapili iliyofuata, baada ya mnada wa sadaka, ndizi na kuku wakiwa wameshanunuliwa, tuliwaomba washarika wasiondoke. Mwinjilisti alivaa shuka, akainama nje ya kanisa, akachimba, akatoa gunzi la mahindi lililofungwa kwa kitambaa chekundu. Alifanya mara ya pili polepole ili waone. Mara ya tatu alimwita yule mzee wa kanisa achimbe kwanza yeye, na gunzi likatoka vilevile katika shimo alilolichimba mzee mwenyewe. Watoto walicheka sana. Baadhi ya watu wazima waliondoka bila kuaga. Mzee alilichukua gunzi, akaligeuza mkononi muda mrefu, akaenda nalo nyumbani.

Bibi alirudi kwake baada ya wiki tatu. Jirani wa upande wa juu anamsalimia. Wa upande wa chini bado.

Lakini katika yote haya tuliyemfikiria kidogo kuliko wengine alikuwa mama wa yule mtoto. Alitufuata siku chache baada ya lile la gunzi, akakaa kwenye kiti cha ofisini, akasema, "Nimeona. Nimeelewa jinsi wanavyofanya. Basi, Mchungaji, kama si bibi yule, nani amemwua mwanangu?" Alikuwa amechangia shilingi 10,000 zake. Kwa siku chache alikuwa amepata jibu, likawa na uso na nyumba, na sisi tulikuwa tumemnyang'anya.

Mwinjilisti alimweleza kuhusu homa, na jinsi zahanati ilivyo mbali, na mvua zilivyokata barabara wiki ile. Mama alisikiliza yote. Akasema hayo anayajua, yeye ndiye aliyembeba njiani. Hapo hatukuwa na la kuongeza. Tulikaa naye. Yule mama wa Shule ya Jumapili alimshika mkono, na baada ya muda mrefu wakaanza kumzungumzia mtoto, alivyopenda kufukuza vifaranga, na neno alilokuwa hawezi kulitamka.

Tangu siku hiyo tunakwenda kwake kila Alhamisi, mmoja wetu au wawili. Hauulizi tena lile swali, wala hatudhani amelisahau. Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa, tunapowakumbuka waliolala, aliomba jina la mwanawe lisomwe, tukalisoma, akasimama. Bibi naye alikuwepo, kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Hawakusalimiana.